Siku Lalla Shama Alipoambiwa Asome Ukuta

Katika mtaa wa Ayun, mjini Tetuan, nchini Moroko, mtu akihamia nyumba mpya, akipona homa, akifiwa au akirudi Hija, wa kwanza kuitwa ni Lalla Shama, aje kusoma. Atakuja na msahafu wake ndani ya mfuko alioutarizi mwenyewe, ataketi kwenye godoro la mbele, atapiga bismillahi, na wanawake wote watanyamaza, hata wale ambao hawajanyamaza tangu waolewe. Sauti yake ni ya kifuani, nzito kidogo, haina haraka. Kurasa anazigeuza kwa kidole alichokilowanisha ulimini. Ukimwona utasema huyu mama alizaliwa na kitabu mkononi.

Basi Lalla Shama hajui kusoma. Hajui alifu kwa kijiti.

Si kwamba alikuwa mwongo tangu utoto. Baba yake alikuwa fakihi, mwenye chuo cha Kurani katika chumba cha chini cha nyumba yao, na wavulana wa mtaa mzima walipita pale na mbao zao za kuandikia. Yeye, binti pekee, alikaa upande wa pili wa ukuta akichambua maharage. Baba hakuona haja ya kumfundisha herufi. Alisema mtoto wa kike anatosha akijua kukanda unga na kuteremsha macho. Alichosahau mzee yule ni kwamba masikio hayateremshwi. Shama alipovunja ungo, alikuwa amehifadhi kuliko wale wavulana waliokuwa wakichapwa nyayo ili wahifadhi.

Kisha siku moja jirani akafiwa, fakihi yuko safarini, na wanawake wakamwekea msahafu mapajani. "Wewe si binti wa fakihi? Tusomee." Angesema nini? Binti wa fakihi asiyejua kusoma ni aibu ya fakihi, na baba yake alimpenda. Akaufungua, akasoma, yaani akakariri, na waliokuja kulia wakalia vizuri. Toka siku ile kamba ikawa shingoni.

Mtu akishaingia katika uongo wa namna hiyo hana budi kuujulia ufundi wake. Shama aliyachunguza macho ya baba yake. Aliona kwamba macho ya msomaji hayakai mahali pamoja: yanakwenda kushoto, yanaruka kurudi kulia, yanashuka kidogo, yanakwenda tena. Alifanya mazoezi mbele ya mfuko wa unga wenye maandishi, mlango umefungwa, mpaka macho yake yakazoea kutembea hata akiwa anafikiria chumvi. Alijua pia kwamba msomaji hukwama mara mojamoja, basi naye akawa anakwama. Watu wakasema, loo, tazama anavyosoma kwa uangalifu.

Mtu aliyemwogopa kuliko wote ni mumewe, kwa sababu mumewe alikuwa msomaji wa kweli. Jina lake Mfeddal, nao watu wa mtaa, kwa heshima ya kwao, walimwita Si Mfeddal, yaani Bwana Mfeddal; alikuwa na tanuri la mtaa. Nyumba zote zilimpelekea mikate yao juu ya mbao, naye aliijua mikate ya kila nyumba kwa kuitazama tu, huu wa mwalimu, huu wa yule mjane bahili wa chumvi. Alipokuja kuposa, fakihi alimwuliza swali moja, "Unajua kusoma?" Naye akajibu, "Najua, bwana fakihi," na binti akatolewa. Kila asubuhi, akishaitoa mikate ya kwanza, Si Mfeddal alipita kwa kinyozi, akarudi nyumbani na gazeti, akanawa mikono, akaketi, akalifungua wazi mbele ya uso. Lalla Shama alimmiminia chai, naye akamsomea dunia. Vita, mafuriko, wafalme waliougua, ndama wa Larashi aliyezaliwa na vichwa viwili. Ilikuwa saa anayoipenda kuliko zote. Mbele yake hakuthubutu kufungua msahafu. Alisema kisomo cha wanawake ni cha wanawake. Ajabu ni kwamba Si Mfeddal hakuwahi hata mara moja kumwomba asome. Yeye aliona ni adabu, akamshukuru Mungu kwa kumpa mume mwenye adabu.

Wakazeeka hivyo. Mtoto wao Anwar akaenda shule, akakua, akavuka bahari, akapata kazi ya kuendesha lori katika bandari ya Aljesira, Hispania, akaoa huko, akapata binti, Nisrin. Na majira haya ya kuchipua ndipo Anwar alipoamua kuwavusha wazazi wake, awapeleke Granada wakaone jumba la masultani. Mkewe alikuwa kazini, basi wakaenda wanne.

"Huko Granada kuna nini?" Lalla Shama aliuliza ndani ya gari, mfuko wa mayai ya kuchemsha mapajani.

"Jumba la wazee wetu, mama. Alhamra."

"Wenyewe si walishakufa?"

"Zamani."

"Kwa hiyo tunakwenda kutazama nyumba isiyo na wenyewe. Nani atatukaribisha chai?"

Si Mfeddal alikohoa kwenye kiti cha mbele. "Nilisoma gazetini," akasema, "kwamba chini yake kuna mto wa zebaki."

"Babu, kweli?" Nisrin akadakia. Ana miaka kumi na miwili, na simu yake haijawahi kupoa.

"Gazeti haliandiki upuuzi, mwanangu."

Nisrin akamgeukia bibi yake. Akasema kwamba mwalimu wao amewaambia kila mtoto alete kitu cha likizo, na yeye tayari ameshamwambia mwalimu atakacholeta. Lalla Shama akamenya yai, akasema vizuri, mwanafunzi mwema humtii mwalimu. Hakuuliza ni kitu gani. Laiti angeuliza, yale mayai yangemkwama.

Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu: ngazi, foleni, jua, vyoo vya wageni. Alivaa jelaba yake nyeupe ya Idi na viatu visivyobana. Wakapita mlango wa kwanza, wakapita ukumbi, na Lalla Shama akainua macho.

Ukuta ulikuwa umeandikwa.

Si sehemu. Wote. Kuanzia juu ya vigae, pale kifua cha mtu kinapofika, hadi kule dari inapoanza, maandishi yalipanda, yakazunguka madirisha, yakapita juu ya milango, yakaingia katika chumba cha pili na kuendelea. Marefu, mafupi, yaliyofumwa kama mkeka, yaliyojipinda ndani ya duara. Nguzo nazo ziliandikwa vichwani. Moyo wa Lalla Shama ulipiga mara moja kwa nguvu, kisha ukawa kama umesahau kazi yake. Hakuna mtu aliyemwambia. Watu wa mtaa waliokwishafika huku walisimulia simba na maji na maua, hakuna hata mmoja aliyesema kwamba kuta zinasomwa.

Alijiuliza watu hawa walikosa karatasi au walikosa aibu.

"Hapa!" Nisrin alisema. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, kando ya uwanja wenye birika refu la maji, simu juu, taa ndogo nyekundu inawaka. "Bibi, simama hapa. Nitakurekodi unasoma, halafu nitaweka darasani. Nimewaambia wote kwamba bibi yangu anasoma Kiarabu cha zamani."

"Cha zamani?"

"Ndiyo. Kuna msichana anaitwa Alba, anasema bibi yake anaongea na ndege. Nikamwambia wangu anasoma kuta za Alhamra."

Lalla Shama akamtazama mwanawe. Anwar alikwenda shule, Anwar anasoma. "Msomee mtoto, Anwar. Mimi nimechoka na safari."

Anwar akausogelea ukuta, akainamisha kichwa huku na huku, akacheka. "Mama, mimi nasoma bili za bandarini. Hizi herufi zimesukwa kama nywele za bibi harusi. Nikijitahidi napata neno moja, la pili linanikimbia. Wewe ndiye binti wa fakihi."

"Miwani yangu iko garini."

"Ninayo hapa, bibi," Nisrin akasema, akaitoa mkobani, akaifuta kwa shati, akamvisha yeye mwenyewe kwa mikono miwili. Watoto wema ni mtihani.

Sasa watu wakaanza kusimama. Kwanza mzee wa Kihispania na mkewe, kisha vijana wawili wenye mabegi, maana mama wa jelaba nyeupe mbele ya ukuta ule, na mtoto mwenye simu, lazima kuna jambo. Si Mfeddal alisimama nyuma kidogo, mikono mgongoni, akitazama maji kwa bidii kubwa. Jasho likamshuka Lalla Shama katikati ya mgongo. Alifikiri haraka. Nyumba ya masultani wa Kiislamu, wataandika nini zaidi ya maneno ya Mungu? Na maneno ya Mungu anayo, tele, kifuani.

Akapiga bismillahi. Akaanza Ayatul Kursi.

Macho yakatembea kama alivyoyafundisha, kulia kwenda kushoto, yakaruka, yakashuka. Sauti ikaupanda ukuta. Yule mke wa mzee wa Kihispania akaweka mkono kifuani. Akakwama kidogo mahali pa kukwama, akainamia kana kwamba herufi imefifia, akaendelea. Alipomaliza akahamia kipande kilichofuata, akasoma Suratul Mulk, ili isionekane anarudia. Akaona mambo yanakwenda. Hata akaanza kufurahi, na hapo ndipo mtu huanguka.

"Bibi, ngoja."

Nisrin alikuwa ameshusha simu. Alikuwa akitazama ukuta, kidole hewani, kwa sababu askari wa pale hawataki ukuta uguswe.

"Nini, mwanangu?"

"Hiki hapa, kinaanza na vijiti viwili virefu, halafu kijiko, halafu mkia. Umeona? Na hiki hapa pembeni yake: vijiti viwili, kijiko, mkia. Na kile. Na kile kule juu ya mlango. Vyote ni kimoja, bibi, wamekirudia tu. Chumba kile pia kimo." Akamgeukia bibi yake kwa nia safi kabisa. "Sasa mbona cha kwanza umekisoma kirefu sana, na cha pili umesoma maneno mengine?"

Lalla Shama akaivua miwani, akaifuta upya.

Anwar akasogea. "Hebu." Akatazama, midomo ikichezacheza. "Kweli, ni kilekile. Na ni kifupi, maneno manne au matano. La mwisho ni Allah, hilo naliona. Mama, Ayatul Kursi iko wapi hapa?"

Alisema bila ubaya, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Lakini Lalla Shama aliwaona wanawake wote wa Ayun wamesimama nyuma ya simu ile ndogo, mmoja baada ya mwingine, wake wa marehemu wote aliowasomea. Alimwona baba yake. Akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani: akamtupia mumewe mzigo.

"Koo limenikauka," akasema. "Mwulize babu yako. Yeye ndiye msomaji wa kila asubuhi."

Si Mfeddal aliinua kichwa kutoka kwenye maji. Rangi ya uso wake ilikuwa ya unga usioiva.

"Mimi?"

"Wewe. Baba Anwar, msomee mtoto."

"Hapa pana kivuli."

"Babu, sogea hapa, pana mwanga," Nisrin akamvuta mkono.

Si Mfeddal akasimama mbele ya ukuta. Akajipangusa mikono, mmoja kwa mwingine, kama mtu aliyetoka kunawa. Akainua kidevu. Akakohoa. Halafu akaanza, kwa sauti ileile, ile ya asubuhi, ya chai na mkate wa moto.

"Imetangazwa kwamba Sultani, Mungu amrehemu, amezindua mifereji mipya ya maji katika jumba lake. Waliohudhuria ni wakuu wa makabila na wageni kutoka nchi za mbali. Sultani amewahimiza raia kutunza maji. Na hali ya hewa ilikuwa nzuri."

Anwar aliangua kicheko mpaka akashika magoti. "Hali ya hewa! Baba, Mungu akuweke. Hali ya hewa!" Nisrin naye akacheka, akasema babu, acha utani, sasa itabidi nikate hapo. Vijana wenye mabegi, ambao hawakuelewa neno, wakacheka kwa sababu wenzao wanacheka, na mkusanyiko ukatawanyika kwa furaha. Anwar akamshika binti yake bega. "Twende tukawaone simba. Wazee wamechoka, waache wapumzike."

Lalla Shama hakucheka. Muda wote ule hakuutazama ukuta, wala mdomo wa mumewe. Alikuwa akitazama macho yake. Na macho ya Si Mfeddal, tangu neno la kwanza hadi la mwisho, yalikuwa yamekaa mahali pamoja, juu ya ua moja la jasi, hayakwenda kushoto, hayakwenda kulia, hayakushuka.

Miaka yote ile gazeti lilikuwa katikati yao. Hakuwahi kuyaona macho yake.

Aliketi kwenye ukingo wa jiwe, karibu na ua wa mihadasi, vile vichaka vya majani yenye harufu nzuri, unaozunguka birika. Alikuwa amepigwa na butwaa kiasi kwamba hata mfuko wa mayai aliuacha ukaanguka. Si Mfeddal aliuokota, akaja akaketi pembeni yake, taratibu, kama mtu anayeketi karibu na mbwa asiyemjua.

"Mfeddal."

"Naam."

"Pale kwenye nguzo pameandikwa nini?"

"Na wewe je," akasema, "unasema pameandikwa nini?"

Wakatazamana. Ndoa yote ikapita kati yao pale, na kila mmoja akaiona.

"Yarabi," Lalla Shama alinong'ona. "Yarabi, yarabi. Hujui."

"Na wewe hujui."

"Mimi ni mwanamke, hakuna aliyenifundisha! Wewe ulimwambia baba yangu unajua, kwa mdomo wako!"

"Angenipa mke ningesema sijui? Alikuwa ameshawarudisha wawili. Nikasema nikishakuoa nitajifunza pole pole kwako, binti wa fakihi. Halafu nikaona aibu kukuuliza. Nikasema kesho. Kesho ikawa hivi."

"Kwangu! Mimi nilikuwa nakuogopa wewe kuliko mauti!"

"Na mimi nilikuwa nikisikia unasomea watu, natoka nje."

Lalla Shama alijipiga paja. "Na magazeti? Mfeddal, magazeti yote yale?"

"Kinyozi ana redio."

"Mafuriko ya Uchina?"

"Yalikuwepo. Labda niliyaongeza kina."

"Yule rais aliyemwoa binamu yake kwa nguvu mbele ya jeshi?"

Si Mfeddal akatazama viatu vyake. "Siku ile redio ilikuwa mbovu."

"Nilimlilia yule binti! Niliwasimulia watu hamamuni!"

"Najua. Habari zilirudi mpaka kwa kinyozi, naye akanisimulia mimi."

Hapo, Mungu amsamehe, kicheko kilimtoka. Hakutaka. Kilitoka puani kwanza, kisha kikamshika mbavu, na Si Mfeddal alipoona mkewe anacheka naye akaanza, machozi yakiwatiririka, wazee wawili kwenye ukingo wa birika la sultani, wameshikana mikono ya jelaba ili wasianguke ndani. Lalla Shama aliwaza kwamba labda ni heri. Labda watakwenda nyumbani, wataketi asubuhi bila gazeti, na kuambiana ukweli wakiwa wazee. Alishika tawi la mhadasi ili ajinyanyue, majani yakavunjika kiganjani, harufu ikapanda.

Akaacha kucheka.

Kwetu mhadasi haupandwi nyumbani. Unanunuliwa Ijumaa, penye lango la makaburi, kwa vifungu, na unalazwa juu ya kaburi baada ya kulimwagia maji. Kila Ijumaa Lalla Shama na mumewe walimpelekea mama yake Shama. Mama alifariki wao wakiwa Rabat, Si Mfeddal akitibiwa mgongo hospitali, na maiti haingoji. Kaka yake ndiye aliyezika, akaagiza jiwe, akarudi kazini kwake Ubelgiji ambako naye alikuja kuzikwa. Maelekezo aliyatoa kwa simu: safu ya chini ya ukuta, penye mizeituni, jina limechongwa. Safu ile ina makaburi mengi kuliko nyumba za Ayun. Siku waliyokwenda mara ya kwanza, Lalla Shama alisimama pembeni na kumwachia mumewe kazi ya kutafuta, kwa sababu mumewe ndiye msomaji.

"Mfeddal," akasema. "Jiwe la mama yangu. Nani alilisoma?"

Si Mfeddal alifungua mdomo. Kicheko kilikuwa bado kimebaki kidogo usoni mwake, kikawa kinatoka polepole.

"Ulikuwa unalia sana siku ile," akasema.

"Nani alilisoma?"

"Nilipita yote, Shama. Naapa nilipita yote. Nikangoja labda utasema ndilo lile. Hukusema. Ulikuwa umejifunika uso unalia, na jua linawaka. Nikachagua."

"Ukachagua."

"Lile lenye maandishi mazuri kuliko mengine. Nikasema mama yako anastahili lile."

"Na mimi nikaja nikasimama mbele yake nikasoma."

"Ulisoma. Macho yako yalitembea juu ya jiwe, nikayaona. Nikasema alhamdulillahi, nimepatia."

Lalla Shama hakupiga kelele. Kila Ijumaa. Maji, mhadasi, mkate na tini za sadaka kwa maskini wa pale, Yasin nzima mpaka mwisho. Kila jambo lililomshinda nyumbani alikwenda kulisema pale, mkono juu ya jiwe lile, mambo ambayo mwanamke hamwambii mtu isipokuwa mama yake. Alijua sasa kwamba ili ampate mama lazima mtu asome mawe, na ili mtu asome mawe lazima aambiwe kwa nini. Hakuna njia ya tatu. Alifikiri kidogo juu ya wanawake wa Ayun, na akashangaa jinsi walivyokuwa mbali.

Anwar na Nisrin walikuwa wanarudi. Nisrin alikuwa akikimbia mbele, anaonyesha picha. "Bibi, simba ni wadogo! Nilidhani wakubwa!"

"Anwar," Lalla Shama akasema, "njoo hapa. Mtoto na abaki, asikie naye."

"Kuna nini mama? Unaumwa?"

"Mimi sijui kusoma."

Anwar akatabasamu, akingoja sehemu ya pili ya mzaha.

"Sijui hata herufi moja. Sikuwahi kujua. Ninachokisoma ni cha kifuani. Na baba yako vilevile hajui. Hakuna aliyewahi kusoma kitu nyumbani kwetu isipokuwa wewe."

Anwar akamtazama baba yake, ili wacheke pamoja. Si Mfeddal alikuwa ameinama, anapanga mayai ndani ya mfuko, moja moja. Tabasamu la Anwar likaondoka lenyewe.

"Mama, nimekua kwa sauti yako. Mtaa mzima..."

"Mtaa niachie mimi. Wewe utanivusha kesho, utanipeleka makaburini. Uanze jiwe la kwanza chini ya ukuta, unisomee moja baada ya jingine, mpaka unipatie mama yangu. Lile tunalokwenda baba yako alilichagua kwa uzuri."

Alidhani ameshasema lililo zito kuliko yote. Lakini Anwar alikuwa amekaa chini, palepale sakafuni, wageni wakimpita, mkono umemziba mdomo.

"Nililisoma," akasema.

"Ulisoma nini?"

"Lile jiwe. Nilikuwa darasa la tatu, mkanichukua siku ya Ijumaa. Ndiyo kwanza nimejua kusoma, nikawa nasoma kila kitu, mabango, chupa. Nikalisoma. Ni la Haji Tayib, mfua shaba. Nikakuvuta jelaba, nikakwambia mama, hapa pameandikwa mwanamume." Akajishika sikio. "Ukanifinya sikio. Ukaniambia wakubwa wakisoma, mtoto hunyamaza. Na mimi nikasema basi, mama anasoma, baba anasoma, wanajua wanachokijua. Sijasema tena mpaka leo."

Nisrin alimtazama baba yake, akamtazama babu, akamtazama bibi. Polepole akazima simu.

"Mfua shaba," Lalla Shama akasema.

"Ndiyo, mama."

Aliitazama mikono yake, majani ya mhadasi yamegandamana kiganjani. Aliona ni lazima aulize, ingawa alijua kwamba kati ya watu watatu waliokuwa mbele yake hapakuwa na hata mmoja wa kumjibu.

"Na mama yangu," akasema, "miaka yote hii, nani kamsomea?"